Meza ya Mkunazini: Miaka 150 na Ushei ya Kanisa Kuu la Anglikana Unguja

Mgeni anayefika Mkunazini huanzia chini. Huinama akaingia katika vyumba vya giza vilivyo chini ya jengo la St. Monica, akasimuliwa habari za watumwa waliobanwa humo, kisha hutoka kwenda kutazama masanamu yenye minyororo shingoni yaliyochongwa na Clara Sörnäs mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndipo aingizwe kanisani. Huonyeshwa duara la marumaru mbele ya madhabahu, pasemwapo kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa, na msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, mahali ulipozikwa moyo wa David Livingstone. Ziara imekwisha. (Wanahistoria kadhaa wamevitilia shaka vile vyumba, kwa sababu jengo lenyewe ni la wamisheni na lilijengwa baada ya soko la watumwa lililokuwa hapo kufungwa. Hayo mtembeza wageni huwa hana nafasi nayo.)

Katika ziara hiyo yote ni nadra mgeni kuambiwa kwamba kanisa hili lina wenyewe. Kuna watu waliobatizwa humu, wakafunga ndoa humu, wakatengwa na kurudishwa kundini humu, vizazi na vizazi. Hawakupata kuwa wengi. Katika kisiwa ambacho karibu kila mtu ni Mwislamu, Waanglikana wa Unguja wamekuwa wachache tangu siku ya kwanza. Lakini uchache haukuwazuia kubishana. Sehemu kubwa ya maisha yao wameitumia kujiuliza swali moja: nani anastahili kula nasi kwenye meza ya Bwana? Jibu limebadilika zaidi ya mara moja, na safari moja lilitikisa Waanglikana wa dunia nzima kutokea hapa kisiwani.

Chanzo chake ni hotuba. Mwezi Desemba 1857 Livingstone alizungumza katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akawaomba vijana wasomi waiendee Afrika. Kutokana na mwito huo ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo watu wameizoea kwa herufi zake nne, UMCA. Kundi la kwanza lilikwenda bonde la mto Shire, na Askofu Charles Mackenzie akafa huko Januari 1862. Mrithi wake, William Tozer, aliona hakuna faida ya kuendelea kuzika watu, akaihamishia misheni Unguja mwaka 1864, akiwa pamoja na rafiki yake Edward Steere. Uingereza walimlaumu kwamba amekimbia. Pengine ni kweli alikimbia, lakini alikimbilia mahali penye biashara yenyewe ya watumwa waliyokuja kuipinga.

Hawakukaa sana, Sultani Seyyid Majid akawapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Jambo hili si dogo. Waumini wa kwanza wa Kianglikana Unguja walikuwa watoto watano waliong'olewa kwao, na aliyewakabidhi kwa misheni alikuwa mtawala Mwislamu. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mtoto aliyefika mjini kama bidhaa alisimama madhabahuni kabla hazijapita miaka ishirini.

Uwanja wa Mkunazini ulipatikana kwa njia hiyo hiyo ya kuchanganyika. Juni 1873 Seyyid Barghash, akisukumwa na balozi John Kirk na manowari za Kiingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Arthur West, kasisi wa misheni, akanunua sehemu ya kiwanja cha soko. Sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Sewji, jina la nyumba tajiri ya Kihindu iliyokuwa ikishika forodha ya Sultani. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule. Inasimuliwa pia kwamba saa ya mnara ilitolewa na Barghash mwenyewe. Basi Mhindu katoa ardhi na Mwislamu katoa saa, na Wakristo watakaosali humo wengi wao walikuwa bado hawajafika mjini.

Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, ndiye aliyelijenga. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na paa lake ni kuba refu la matumbawe na saruji lisilo na boriti hata moja. Wapo walioapa kwamba litaanguka, na mpaka leo halijaanguka. Wenyeji wana hadithi kuhusu nguzo zilizo upande wa mlango mkubwa: eti mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu Steere alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Alifariki Agosti 1882 na akazikwa nyuma ya madhabahu.

Imani ya Steere ilikuwa ya kikanisa kabisa, ya sala zenye utaratibu na maaskofu wenye mamlaka, ila hakuwa mtu wa mapambo. Hamu yake kubwa ilikuwa lugha. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, pamoja na mkusanyiko wa ngano za Unguja, na miaka iliyobaki akaitumia kutafsiri Maandiko na sala. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, yeye akiwa kaburini. Alikataa kabisa wazo la kuwageuza waumini wake Waingereza weusi. Alitaka mtu awe Mkristo huku akibaki katika lugha yake na desturi zake njema. Viongozi waliomfuata wengi walilishika hilo, angalau kwa maneno.

Kwa vitendo mambo yalikuwa magumu zaidi, na pa kuyatazama ni Mbweni. Tozer alinunua shamba huko mwaka 1871, kusini ya mji, na manowari ya HMS London ilipotia nanga bandarini kuanzia 1874 kukamata majahazi, watu waliookolewa walizidi kuletwa. Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu wa makabila ambayo pengine yasingekutana kamwe, walipewa vishamba na vibanda na kuambiwa sasa wao ni kijiji. Wasichana walisoma St. Mary's, ambako Caroline Thackeray, jamaa wa yule mtunzi wa riwaya William Thackeray, alifika mwaka 1877 na kuwa mkuu wa shule kwa zaidi ya miaka 20. Alistaafu hapo hapo na kufia hapo hapo mwaka 1926. Kanisa la Mtakatifu Yohana la Mbweni lilijengwa mwaka 1882 na lingali linasaliwa. Wavulana walikuwa Kiungani, katika chuo cha Mtakatifu Andrea.

Watu wa misheni, kama walivyoitwa mjini, walikuwa na hali ya peke yao. Mtumwa aliyeachwa huru na bwana wake wa Kiislamu alikuwa na njia ya kuingia katika jamii: jina, msikiti, mavazi, na polepole ustaarabu. Hawa wa Mbweni njia yao ilikuwa nyingine, nayo ilipita kwa padri. Misheni ndiyo iliyokuwa mwenye shamba, mwajiri, mwalimu, hakimu na mfungishaji ndoa. Aliyezini, aliyeoa mke wa pili au aliyerudia matambiko alizuiwa Komunyo, na kurudi kwake kulipitia toba ya hadharani. Ukiutazama kwa macho ya leo, ukali ule unachukiza: watu waliotoka minyororoni wakasimamishwa mbele ya wenzao kwa dhambi za nyumbani. Hata hivyo wapo waliouona kwa namna nyingine, kwamba hapa palikuwa na mahali ambapo mwenendo wa mtu aliyekuwa mtumwa ulihesabiwa kuwa na uzito. Mimi naona yote mawili ni kweli, na la kwanza lina uzito zaidi.

Kuhusu nani ahudumu kwenye meza ile, kanisa lilianza vizuri. Cecil Majaliwa, Myao aliyeingia utumwani akiwa mtoto, alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, akaoa mwalimu wa Mbweni, na mwaka 1890 Askofu Charles Smythies akampa upadri. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Kazi yake Chitangali, kusini mwa Tanganyika, ilifanikiwa kuliko ya Wazungu wengi. Kisha mwaka 1897 akarudishwa Unguja, na nyota yake ikafifia. Askofu wa kwanza Mwafrika katika dayosisi hii, John Sepeku, aliwekwa wakfu kama askofu msaidizi mwaka 1963. Kati ya padri na askofu pana miaka 73, na katika miaka hiyo maaskofu wote walitoka Uingereza. Historia nyingi za kanisa hupita hapo haraka kuliko inavyostahili.

Sasa tufike kwa Frank Weston. Alikuja Unguja mwaka 1898, akaanzisha chuo cha mapadri Mazizini, akaongoza Kiungani, na mwaka 1908 akawa askofu. Chini yake ibada ya Mkunazini ilichukua sura ambayo wazee wengi wa Kianglikana wa mwambao wanaitambua hadi leo: Misa, ubani, mavazi ya kikuhani, maungamo kwa padri, Bikira Maria na watakatifu kuombwa, Sakramenti kuhifadhiwa na kuabudiwa. Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista la Mateso Matakatifu, na mwaka 1919 akatoa utaratibu wa Misa kwa Kiswahili. Mtu aliyetoka Mkunazini akaingia Minara Miwili kwa Wakatoliki, asingeona tofauti kubwa isipokuwa Kilatini. Steere pengine angekunja uso kidogo.

Weston hakufanya haya kwa kupenda uvumba tu. Hoja yake ilikuwa hii: katika nchi ya Kiislamu, ambako jirani yako anajua anachoamini na anakisali mara tano kwa siku, kanisa lisilojua msimamo wake halitasimama. Mkristo wa Mbweni akiulizwa barazani Yesu ni nani, awe na jibu moja, si majibu manne ya maprofesa wa Oxford. Na mabishano hayo yalikuwepo kweli. Kanoni Godfrey Dale wa misheni hii alikuwa mtu wa mijadala na Waislamu mjini, na mwaka 1923 ikachapishwa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili, ya kwanza kuchapwa. Waislamu wengi waliiona kuwa silaha iliyovaa nguo za elimu, na haikupita muda mrefu kabla hawajaanza kazi zao wenyewe. Ile ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwana wa Unguja, ilikamilika mwaka 1969.

Kwa fikra hiyo ya msimamo mmoja, tazama kilichotokea Juni 1913. Maaskofu wawili wa Kianglikana, Willis wa Uganda na Peel wa Mombasa, walikutana na Wapresbiteri, Wamethodisti na wengineo katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu, Kenya, wakapanga shirikisho la misheni. Mwisho wa mkutano ikafanywa ibada ya Komunyo katika kanisa la Kipresbiteri, na wote waliokuwapo wakaalikwa kula. Weston aliposikia, aliandika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki wenzake wawili kwa uzushi na utengano. Kwake hao wachungaji wasiowekwa mikono na maaskofu walikuwa watu wema, na Komunyo yao haikuwa Komunyo.

Habari ililipuka London. Magazeti yaliandika, maaskofu wakagawanyika, kamati ikaundwa, na Davidson, aliyekuwa mjuzi wa kuahirisha, akatoa jibu lake mwaka 1915: shirikisho halifai kama lilivyo, lakini hakuna aliyekuwa mzushi. Kila upande ulitoka na kitu, na hakuna uliotosheka. Mwaka huo huo Weston akatangaza kwamba hana ushirika na Askofu wa Hereford, Uingereza, kwa kumpandisha cheo B. H. Streeter, msomi ambaye Weston alimwona anayeyusha imani. Unaweza kutabasamu: askofu wa kisiwa cha karafuu, mwenye waumini wa kuhesabika, anafunga mlango kwa askofu wa Kiingereza. Lakini mbele ya sheria ya kanisa walikuwa sawa sawa, na Weston aliuchukua usawa huo kwa uzito ambao London haikuutarajia.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimheshimu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika pwani, Wazanzibari walihitajika kama wapagazi, na Weston akaenda nao mwaka 1916, akatembea nao. Aliporudi hakuwa mtu yule yule. Mwaka 1918 Kikuyu pakafanyika mkutano wa pili, na safari hii Weston alihudhuria mwenyewe na kuleta mapendekezo yake ya umoja. Mwaka 1920, kwenye mkutano wa maaskofu wote huko Lambeth, alisimama upande wa mwito wa kuwataka Wakristo wote watafute umoja. Hakuwa amewaacha maaskofu wake wala Misa yake. Alichokiacha ni imani kwamba kutetea meza lazima kuanze kwa kumfukuza mtu.

Mwaka huo huo wa 1920 aliandika kijitabu cha kuishambulia serikali ya Uingereza kwa sera ya kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kwa askofu aliyekaa juu ya soko la watumwa, hili halikuwa jambo la kupindisha: kazi ya lazima ni mtoto wa utumwa. Miaka mitatu baadaye, akiongoza jijini London kongamano kubwa la Waanglokatoliki, yaani Waanglikana wa ibada ya namna yake, aliwaambia watu waliokuja kwa ajili ya ubani na mishumaa kwamba hawana haki ya kumwabudu Kristo katika Sakramenti ikiwa hawamtafuti kwa maskini wa vichochoroni. Alifariki Novemba 1924 huko Magila, bara.

Baada yake mambo yalikwenda kwa upole zaidi. Askofu Thomas Birley na kisha William Baker waliitunza sura ya ibada kama walivyoikuta. Kiswahili cha Unguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, uamuzi ambao kazi ya Steere na wenzake ilikuwa imeutayarishia njia, na mwaka 1952 ikatoka Biblia ya umoja iliyochukua nafasi ya ile ya Unguja na ile ya Mombasa. Kisha, mwaka 1960, likaundwa jimbo la Kanisa la Anglikana Afrika Mashariki, na askofu mkuu wake akawa Leonard Beecher, Askofu wa Mombasa. Miaka 47 baada ya Weston kumshtaki Askofu wa Mombasa kwa uzushi, dayosisi ya Weston ilikuwa chini ya uongozi wa Askofu wa Mombasa. Sijakutana na mahubiri yoyote yaliyolitaja hilo, na ningependa kuyasikia.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliufanya uchache kuwa uchache zaidi. Shule za madhehebu zilichukuliwa na Serikali, Wazungu na Wagoa wakaondoka, na misheni yenyewe ikaungana na shirika jingine mwaka 1965 na kupoteza jina lake. Dayosisi ikawa ya Zanzibar na Tanga, makao yake yakiwa Korogwe. Kanisa kuu likabaki kisiwani bila askofu wa kukaa jirani nalo. Baker alistaafu mwaka 1968, akafuatwa na Yohana Jumaa, kisha John Ramadhani, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa pia Askofu Mkuu wa Tanzania kuanzia 1984 hadi 1998. Mwaka 2001 Zanzibar ikawa tena dayosisi inayojitegemea.

Ndani ya Kanisa la Tanzania, lililojitegemea mwaka 1970, watu wa UMCA walilazimika kukaa meza moja na warithi wa CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, kutoka Dodoma na kwingineko bara, Waanglikana wa Biblia na mahubiri, wasiozoea ubani wala maungamo. Ndivyo ndoa nyingi za kanisa zinavyokwenda: kila mmoja akaendelea na desturi zake nyumbani, na polepole nyimbo zikavuka mipaka. Leo Mkunazini utasikia kwaya na mapambio ambayo Weston asingeyatambua, yakifuatwa na Misa ambayo angeitambua vizuri sana.

Swali la meza lilirudi kwa kishindo mwaka 2007. Maaskofu wakuu wa Kianglikana wa dunia walikutana Dar es Salaam wakigombana juu ya hatua ya Kanisa la Marekani kumweka wakfu askofu anayeishi katika uhusiano wa jinsia moja. Maaskofu wa Tanzania walikuwa wametoa msimamo wao mkali Desemba 2006. Katika mkutano huo maaskofu wakuu saba walikataa kupokea Komunyo pamoja na mwenzao wa Marekani, Katharine Jefferts Schori. Jumapili ya tarehe 18 Februari walipanda boti wakaja Mkunazini, mwaka wa 200 tangu Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya watumwa, na Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury, akahubiri pale pale. Kanisa lililowahi kupeleka mashtaka Canterbury safari hii lilikuwa mwenyeji wa washitaki na washitakiwa pamoja.

Waumini wa Mkunazini wa leo wengi si wa ukoo wa Mbweni. Ni wafanyakazi wa hoteli, askari, walimu na watumishi wa Serikali waliotoka Tanga, Masasi, Dodoma. Walipita katika kipindi kigumu cha 2012 na 2013, makanisa kadhaa ya Unguja yalipochomwa moto na padri wa Kikatoliki akapigwa risasi na kufa, na walipita pamoja na majirani Waislamu waliochukizwa kama wao. Jengo lenyewe lilikarabatiwa kwa msaada wa World Monuments Fund, na maonyesho ya historia ya utumwa yakafunguliwa mwaka 2016. Jiwe limehudumiwa vizuri. Watu bado.

Kumbukumbu za misheni zimegawanyika, nyingine ziko Nyaraka za Taifa hapa Unguja na nyingine Oxford, na mengi hayakuandikwa popote: nani alitengwa na kwa nini, nani alirudi, nani alihama dini na akabaki ndugu, Mbweni ilikuwaje jioni ya Krismasi. Familia za watu wa misheni hazijaisha. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wazee hawa wako Mbweni, Ng'ambo na Dar es Salaam. Nendeni mkawarekodi sasa, na kanisa liwafungulie vitabu vyake vya ubatizo.